Sosisi Nilizompikia Nyogokuru

Juzi nilikuwa sokoni Kimironko na binti yangu, yeye anachagua nyanya, mimi nimebeba kikapu kama punda mstaafu, nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Sosisi! Wewe Sosisi!" Watu wakageuka kuangalia sosisi zinauzwa wapi. Mimi sikugeuka kwanza. Jina hilo nilikuwa sijaitwa miaka zaidi ya arobaini, na waliokuwa wakiniita hivyo nilidhani wameisha wote. Nilipogeuka nikamwona mzee mrefu, kofia nyeupe, fimbo mkononi, meno mawili ya mbele hayapo, anacheka. Alikuwa Hamisi, muuza nyama wa Rwezamenyo, mtaa wetu wa zamani. Tulikumbatiana pale pale katikati ya mafungu ya viazi, wazee wawili tunalia na kucheka, mpaka mama mwenye viazi akasema, "Wazee wangu, mlie tu, lakini mnanikanyagia mali." Njia nzima binti yangu ananiuliza kwa nini yule mzee ananiita Sosisi. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema, "Basi iandike, baba, maana ukisimulia unaanza kucheka kabla hujafika mwisho." Haya, naandika. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliniacha, hilo hatujakubaliana mpaka leo. Ukikuta koma imekaa vibaya, isogeze mwenyewe.

Habari za wazazi wangu na mababu nitaziruka. Walikuwepo, ndiyo maana na mimi nipo, inatosha. Nataka mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nina miaka ishirini na miwili, na Kigali bado ni mji mdogo hivi kwamba ukipiga chafya Nyamirambo, mtu wa Kiyovu anakwambia pole. Mji ule haupo tena, na watu wake wengi hawapo, na kwa nini hawapo kila anayesoma hapa anajua, mimi sina maneno ya kuongeza. Nikiukumbuka, unanijia kwanza puani: makaa, vumbi la mvua ya kwanza, na kitunguu kinachoiva kwenye siagi.

Kitunguu hicho kilikuwa cha Madamu. Nilikuwa mpishi wa walimu wawili Wafaransa, mume na mke, huko juu Kiyovu. Bwana alifundisha hesabu na alikula chochote huku anasoma; ungemwekea sabuni angeikata kwa kisu na uma. Madamu ndiye aliyejua chakula. Jiko lake lilikuwa na dirisha moja kubwa linaloangalia bonde, meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa na mashimo, na kikaango cheusi cha chuma kizito ambacho nikikiinua kwa mkono mmoja nilijiona mwanaume. Kila Jumamosi mchana alitaka chakula kile kile: sosisi na viazi vya kwenye kikaango. Alisema ndicho alichopikiwa na mama yake, kwao kijijini, chakula cha watu wa shamba, siyo cha hoteli. Unakaanga sosisi kwanza, moto mdogo, zigeuke rangi pande zote, unazitoa. Katika mafuta yale yale unaweka viazi, umevikata vipande vya duara unene wa kidole, umevifuta kwa kitambaa mpaka vikauke. Halafu unaacha. Hapo ndipo nilipoteseka, kwenye kuacha. Mimi nilikuwa napenda kukoroga, nikaona mpishi anayesimama tu bila kukoroga ni mwizi wa mshahara. Madamu ananipiga mkono kwa mwiko: "Rajabu! Iache! Kiazi iko na kazi yake, wewe hapana ingilia!" Kiswahili chake kilikuwa kama Kifaransa changu, tulielewana kwa kugombana. Kiazi kikishika rangi ya kahawia chini, unageuza mara moja, unatia kitunguu, majani kidogo ya thimu aliyoyapanda kwenye kopo mlangoni, unarudisha sosisi juu, unafunika. Basi. Hakuna kingine.

Sasa, sosisi zenyewe zilikuwa za nguruwe. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Rwezamenyo. Nilipoingia kazini nilimwambia Madamu wazi: nitaipika, sitaila, sitaishika kwa mkono, na ladha utaonja wewe. Akakubali, na kwa kweli aliheshimu hilo kuliko baadhi ya jamaa zangu. Nilizigeuza kwa uma mbili kama mtu anayemsaidia nyoka kuvuka barabara. Na kwa kuwa sikuweza kuonja, nilijifunza kupika kwa masikio. Sosisi mbichi inapiga kelele nyembamba, ya haraka haraka. Ikikaribia kuiva sauti inanenepa, inashuka. Kiazi kikianza kuungua kinanyamaza ghafla. Chumvi nilijua kwa vidole, na Madamu akionja anainua nyusi, maana yake sawa. Nikiwaza sasa, miaka miwili nilipika chakula ambacho sikujua ladha yake, na watu wakakisifu. Sijui kama ni ufundi au ni wendawazimu.

Lakini nguo zangu hazikujua kuwa sili. Jioni nikishuka nyumbani Rwezamenyo, shati linanuka mafuta yale, na mtaa wetu una pua. Watoto walianza wao: "Sosisi anapita! Sosisi, umetubakishia?" Wakafuata wakubwa. Nikiingia kwenye duka la chai, mtu anasogeza kikombe chake. Nikicheka, nao wanacheka, kwa hiyo nilidhani ni utani. Mimi ndivyo nilivyo, ukinitukana kwa kuchekesha nitakushukuru. Sikujua kwamba utani ukikaa sana mtaani unageuka kuwa habari.

Nilijua siku nilipomtuma Hamisi kwa Mzee Saidi. Mzee Saidi alikuwa fundi cherehani, baraza lake lilikuwa pembeni ya njia ninayopita, na kwenye baraza lile alikaa binti yake Zaina, anashona vifungo na kupinda pindo za kanzu. Zaina alikuwa na mdomo. Mara ya kwanza kunisemesha alisema, "Kaka, hiyo suruali umeishona mwenyewe au umegombana nayo?" Tangu siku hiyo kila nguo yangu ilichanika, nyingine nilizichana kwa mikono yangu mwenyewe nyuma ya nyumba ili nipate kupita pale. Alikuwa akijua. Siku moja alipokea shati, akaangalia mpasuko, akasema, "Huu ni wa kisu." Nikasema ni msumari. Akasema, "Msumari wenu una makali." Baada ya miezi minne ya namna hiyo nikamwomba Hamisi, aliyekuwa na umri wa kutosha na sauti ya kutosha, aende kuniposea.

Alirudi mapema mno. Akakaa kwenye gogo lake la kukatia nyama, akafuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu. "Mzee amesema nini?" nikauliza. "Amenikaribisha vizuri. Amenipa chai." "Halafu?" "Halafu amesema binti yake hawezi kumpa mla nguruwe." Nilicheka. Hamisi hakucheka. Akasema, "Rajabu, wewe unacheka, lakini mtaa mzima wanasema. Wanasema kule juu unakula nao meza moja. Mimi nimekutetea mpaka koo limekauka, lakini mimi nauza nyama tu, siyo kadhi." Hapo ndipo kicheko kiliponiishia mdomoni, kama maji yanapokatika bombani.

Nikaenda mwenyewe, kitu ambacho hakifanywi. Mzee Saidi alikuwa mtu mpole, mwembamba, pini mbili mdomoni muda wote hata akiongea. Alizaliwa Gahanga, mtoto wa wakulima, akaja mjini kijana, akajifunza kushona kwa mfanyabiashara mmoja ambaye babu yake alitoka pwani, na hapo hapo akasilimu. Aliniangalia mikono, siyo uso. "Kijana," akasema, "mimi sijakuona ukila. Sisemi unakula. Lakini hapa iko maneno, na mimi niliingia dini nikiwa mkubwa, wanaozaliwa ndani yake wananichungulia kila siku. Siwezi kuwapa sababu." Nikamwapia. Akatoa pini moja mdomoni. "Kuapa iko rahisi. Sikiliza. Mama yangu anakuja mwisho wa mwezi kutoka Gahanga. Yeye ndiye mkubwa wetu. Hajasilimu, lakini ukoo wote, Waislamu na wasio Waislamu, wanamsikiliza. Mpikie. Akikaa akala chakula cha mkono wako mbele ya majirani, basi, mkono wako ni safi, hakuna atakayefungua mdomo. Asipokula, usirudi hapa hata na suruali."

Nilipotoka, Zaina alinifuata mpaka kwenye kona. "Utapika nini?" Nikamwambia pilau, ya kuku, yenye zabibu. Akatikisa kichwa. "Ukipika pilau watasema unaficha. Pika hiyo hiyo wanayoisema. Sosisi. Uitengeneze mwenyewe, nyama ya Hamisi, watu waione mwanzo mpaka mwisho. Waone kwamba unachojua ni kupika, siyo kula." Nikasema sijawahi kutengeneza sosisi, zinatoka kwenye kopo na kwenye karatasi. Akasema, "Na mimi sijawahi kuolewa. Kila mtu ana la kujifunza."

Wiki tatu mimi na Hamisi tulikuwa wanasayansi. Nyuma ya bucha yake tulikata nyama ya ng'ombe vipande vidogo kwa kisu, na mafuta yake, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, thimu kidogo niliyoomba kwa Madamu. Madamu alifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wa mwisho ameuliza swali. Aliniandikia kwenye karatasi kiasi cha chumvi, akataka kuniazima kile kikaango chake cheusi. Nikamwambia hapana, Madamu, kikaango kile kimeshaona mengi. Akafikiri kidogo, akaelewa, akacheka mpaka akakaa. Nikanunua kipya. Shida ilikuwa utumbo wa kujazia. Tulianza na wa ng'ombe, Hamisi akausafisha kwa chumvi na ndimu, tukajaza kwa mpare wa kumiminia mafuta ya taa, mpya. Ikatoka kitu kinene kama mkono wa mpiga ngumi. Tukakitia kwenye mafuta kikapasuka, kikarusha nyama mpaka kwenye kofia ya Hamisi. "Hii siyo sosisi," akasema, "hii ni bomu." Ya pili ikaungua nje, ndani mbichi. Ya tatu mbwa wa jirani aliinusa akaondoka. Halafu siku moja Hamisi akawa amechinja kondoo wa akika ya mtoto wa mtu, akanyoosha utumbo wake kwenye mwanga. Mwembamba, laini, unaona vidole upande wa pili. Tukajaza, tukafunga kwa uzi wa Mzee Saidi mwenyewe, ambao Zaina aliuiba, na zikatoka sosisi ndogo ndogo, zimenyooka, sawa na za Madamu. Nilizikaanga. Zikapiga ile kelele nyembamba, halafu ikanenepa, ikashuka. Kwa mara ya kwanza maishani nikachukua sosisi kwa mkono wangu, nikaiuma. Nilifumba macho. Miaka miwili nilikuwa naipika sauti ile, sasa nikajua inasema nini.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikafika. Nyumba ya Mzee Saidi ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, kuta za rangi ya bluu mpaka kiunoni, cherehani imefunikwa shuka, mikeka imetandikwa, majirani wamekaa ukutani kama watu wanaosubiri hukumu, na walikuwa wanaisubiri kweli. Nyogokuru alikaa peke yake kwenye kiti cha pekee. Nyogokuru ni bibi, kwa Kinyarwanda, na jina lake lingine sikuwahi kulitumia. Alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga shuka begani, miguu yake mipana ya kutembea imenyooka mbele yake, macho makali. Aliongea Kinyarwanda tu, mimi namwandika kwa Kiswahili. "Huyu ndiye?" akauliza. "Mwembamba. Mpishi mwembamba anaficha nini?" Watu wakacheka, nami nikajibu, "Nyogokuru, nanenepesha wengine." Akasema, "Tutaona."

Nilipikia uani, mlango wazi, kila mtu anaona. Mzee Saidi alikuja akakinusa kikaango kipya, akakigeuza, akakinusa na chini. Hamisi akasimama na kusema kwa sauti nyama imetoka kwake, ng'ombe, kachinja yeye mwenyewe, bismillahi. Nikakaanga sosisi. Nikaweka viazi, nikaacha. Mama Zaina hakuweza kuvumilia: "Mwanangu, hukorogi? Vitaungua!" "Mama, viache, vina kazi yao." Nikasikiliza. Sauti ilipopungua nikageuza mara moja tu, vikatokea rangi ya mkate, na nikasikia pumzi za majirani zikivutwa. Huo ndio ulikuwa utajiri wangu wote, siku ile, mgeuzo mmoja.

Nyogokuru aliletewa wa kwanza. Akashika sosisi kwa vidole, akaiangalia huku na huku. "Nyama gani?" "Ng'ombe, Nyogokuru. Ng'ombe mtupu." Nilisema kwa kifua mbele, na wallahi nilikuwa naamini ninachosema. Akauma. Akatafuna muda mrefu, anaangalia ukuta. Akameza. Akachukua kiazi. Akachukua sosisi ya pili. Akasema, "Mwana wanjye, nani amekufundisha?" Yaani ananiita mtoto wake. Kule ukutani mtu akasema "Alhamdulillahi", kama vile mtoto kazaliwa, na sahani zikaanza kuzunguka, na yule bwana aliyekuwa anasogeza kikombe chake kwenye duka la chai alikula nne, nilihesabu. Nyogokuru alimaliza yote. Akaegemea, akafuta vidole kwenye kitambaa, akaanza kuongea, unajua wazee wakishiba. Akasema siku hizi Gahanga imeharibika, vijana hawana haya, kuna mmoja jirani yake amechinja kondoo akamla, na watoto wake wakala. "Kondoo!" akasema. "Mimi afadhali nife na njaa. Watoto wangu wanane wote niliwabeba mgongoni kwa ngozi ya kondoo. Saidi huyu, nilimbeba kwa ngozi ya kondoo mpaka akatembea. Unamlaje aliyekubebea mtoto?"

Sisi wa mjini tulikula kondoo kila Idi. Nilijua, kwa mbali, kwamba watu wa zamani wa vilimani hawamli, kama unavyojua kwamba kuna mji fulani mbali. Mwezi mzima niliogopa nguruwe, nikamlinda kila mtu na nguruwe, nikakataa kikaango kwa sababu ya nguruwe, na kondoo akapita katikati ya miguu yangu mimi nimemshikia mlango. Nilimtazama Hamisi. Hamisi alikuwa anatazama dari, na nyumba ile haikuwa na dari.

Mzee Saidi aliona nyuso zetu. Alinivuta uani, akauliza kwa sauti ya chini: "Utumbo wa nini?" Nikamwambia. Akatoa pini zote mbili mdomoni, mara ya kwanza kumwona mdomo mtupu. "Nani anajua?" "Mimi na Hamisi." "Na mimi. Basi inatosha. Sikiliza, Rajabu. Amekula. Watu wameona. Binti ni wako, tutapanga siku. Hili hujasema na mimi sijasikia." Nikamuuliza kama siyo vibaya. Akaangalia chini. "Mimi mwenyewe nakula kondoo tangu niliposilimu, na mama hajui. Miaka yote. Nikienda Gahanga nasukutua mdomo njiani, mtu mzima, na mvi hizi. Utamwua bure. Nyamaza, uoe."

Nilinyamaza. Ningependa kuandika kwamba dhamiri iliniamsha siku hiyo hiyo, lakini mimi siyo mtu wa namna hiyo. Nilinyamaza wiki tatu na nilikuwa na furaha wiki moja ya kwanza. Mtaa uliniamkia. Watoto waliniita Sosisi kwa heshima. Wiki ya pili nikaanza kuunguza viazi vya Madamu. Nilikuwa nasikia kikaango lakini sisikii kinasema nini, ndani ya ile kelele namsikia bibi anasema "mwana wanjye". Niliitwa mla haramu kwa uongo, ikaniuma, nikaona dunia nzima haina haki. Halafu nikamlisha mwingine haramu yake kweli, na dunia ikanipongeza. Haramu yake siyo yangu, niliwaza, haiko kwenye kitabu. Lakini alipokuwa akisema ile ngozi, mkono wake ulikwenda nyuma mgongoni, wenyewe, kama mtoto bado yupo.

Zaina ndiye aliyenitoa. Alinishika barazani, baba yake hayupo. "Una nini? Shati halijachanika siku nyingi." Nikamwambia yote. Sikupunguza, sikufanya utani, na hilo ndilo lililomtisha. Alikata uzi kwa meno, taratibu. "Baba amesema unyamaze." "Ndiyo." "Na ukisema, bibi akikasirika, baba atasema hakuna harusi." "Ndiyo." Akatunga uzi mwingine. Halafu: "Ulikuja kwetu kutuonyesha kwamba mkono wako hauleti kitu kibaya kwenye sahani ya mtu. Mimi sitaki mtu ambaye ameonyesha hivyo kwa bahati ya watu kutojua. Nenda, Rajabu. Ukikosa mke, umekosa. Mimi nitalia, nitashona." Nikasema, "Na kama nisiende?" "Basi nitalia vilevile, lakini nitashonea mwingine."

Nilikwenda Gahanga kwa miguu, kabla jua halijawa kali, sikubeba chakula wala zawadi. Njia ile ya kuteremka na kupanda niliifanyia mazoezi ya maneno ishirini, na yote nikayasahau nilipomwona. Alikuwa shambani anapalilia maharage, akaegemeza jembe. "Mpishi! Umeniletea zile?" Uso wake ulikuwa umefurahi kweli. Nikapiga magoti pale kwenye udongo. Nikamwambia: nyama ilikuwa ng'ombe, lakini ile ngozi ya nje ilikuwa utumbo wa kondoo, siku ile sikufikiri, uliposema nikajua, nikanyamaza wiki tatu kwa sababu namtaka mjukuu wako. Yote kwa pumzi moja.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Uso ulifunga, polepole. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kibuyu, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Mara nyingi. Mimi niko magotini nasikia tu maji. Halafu akakaa kwenye ukingo wa shamba, akajifunika mdomo kwa shuka, muda mrefu, na macho yake yalikuwa na machozi, na nilijua siyo hasira, ni aibu, aibu niliyompa mimi mtu ambaye hakunikosea. Mwisho akauliza, "Saidi alijua?" Nikasema alijua baadaye, baada yangu. "Naye anakula kondoo?" "Muulize mwenyewe, Nyogokuru." Akatikisa kichwa. "Basi anakula." Kuku wakapita katikati yetu.

Akasema, "Kwa nini umekuja? Ungenyamaza ningekufa sijui." Nikasema, "Zaina amenituma. Na mimi mwenyewe. Zaina kidogo zaidi." Akapumua puani. Siyo kicheko, lakini ilikuwa jirani yake. Akasimama, akachukua jembe, akaanza tena kupalilia, akaongea na maharage: "Mwambie Saidi nimesema akupe binti. Watu wa kunifuata mpaka huku kuniambia ubaya wao mimi sijawaona wengi, hata niliowazaa. Akupe. Lakini mimi, chakula cha mkono wako, sitakula tena. Usiniombe. Siyo adhabu. Mdomo umekataa." Nikasema ndiyo, Nyogokuru. Akasema, "Sasa inuka, umekalia maharage yangu."

Tulioana mwezi uliofuata. Mzee Saidi hakunisemesha mpaka siku ya harusi, ila tangu hapo hakusukutua tena njiani. Nyogokuru alikuja, alicheza, alinishika mkono, na alikula viazi vitamu alivyokuja navyo kwenye majani ya ndizi. Aliishi miaka tisa zaidi, na kila mara alipokuja kwetu alikuja na vyake. Alicheka utani wangu wote. Mtoto wetu wa kwanza alilala mapajani mwake. Nilimwuliza siku moja, "Hata yai, Nyogokuru? Yai la kuchemsha? Lina ganda lake lenyewe." Akasema, "Hata yai." Sikumuuliza tena. Zaina alikuwa akisema nimesamehewa, na nadhani ni kweli, lakini nilijifunza kwamba kusamehewa ni kitu kimoja na kula ni kingine, na mtu anaweza kukupa kimoja kwa mikono miwili akakunyima kingine mpaka kaburini, bila chuki yoyote. Kule kwao alikuwa ananisifu kwa kila mtu. Anasema, "Nina mkwe mjini, ukimuuliza jambo atakwambia kweli hata kama inamuumiza. Ila usile kwake." Na kwa miaka yote ile wageni kutoka Gahanga walikuwa wanafika nyumbani kwa mpishi wakiwa wameshiba.